Tuijue Nchi Yetu: Ghuba ya Baraka na Milima ya Fizi

Katika kiangazi cha mwaka 2023, tulipokuwa tukifundisha somo la jiografia katika darasa la sita, kijana mmoja alisimama akauliza swali ambalo mpaka leo halijatutoka moyoni. Tulikuwa tumetaja habari za wasafiri wanaotoka nchi za mbali kuja Afrika kutazama mambo mazuri. Wengine huenda Zanzibar kupumzika pwani penye mchanga mweupe, wengine huenda Mombasa kutazama ngome ya Wareno, na wengine hujitaabisha kupanda mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895, kisha hushuka na kulipa fedha nyingi kwa taabu hiyo. Kijana yule akasema, "Mwalimu, watu hao wakija kwetu Baraka watatazama nini?"

Darasa zima likacheka.

Kicheko kile kilitufadhaisha kuliko swali lenyewe. Swali lilikuwa la haki, lakini kicheko kilikuwa jibu tayari. Nalo lilikuwa jibu la watoto ambao kila asubuhi huamka na kuliona Ziwa Tanganyika mlangoni pao. Tukawaambia kwamba jibu letu hatutalitoa kwa chaki, ila kwa miguu. Juma lililofuata, baada ya wazazi kuridhia, tukatoka na wanafunzi kumi na tisa kwa siku tatu. Haya tunayoyaandika leo twayatoa katika safari ile.

Tulianza ufukweni, si mbali na mahali mitumbwi inapotia nanga. Hapo tuliwaketisha mchangani, tukawaeleza mambo ambayo walikuwa wakiyaogelea bila kuyajua. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 na zaidi, na pale penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Katika dunia nzima liko ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal, katika nchi ya Urusi. Wataalamu wakadiria umri wake kuwa miaka milioni tisa hata kumi na miwili, na kwa sababu ya ukongwe huo samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote. Wale samaki wadogo wa rangi rangi wanaokaa penye mawe, ambao watoto wetu huwavua kwa ndoana kisha huwatupa kwa sababu hawashibishi, huko Ulaya na Marekani watu huwanunua kwa fedha na kuwafuga sebuleni katika masanduku ya kioo. Wanafunzi hawakusadiki. Mmoja aliuliza kama watu hao hawana watoto wa kulea.

Tukawaeleza pia kwamba samaki huishi katika maji ya juu tu. Ukishuka chini ya mita 200 hivi, maji hayana tena hewa ya kupumua, na kule chini ni giza tupu. Tena tukawaambia kwamba maji haya hutoka kwa mto Lukuga, kule Kalemie, yakaingia Lualaba, yakawa Mto Kongo, mpaka yakafika bahari ya Atlantiki. Papo hapo msichana mmoja akachukua kijiti, akakitupa majini, akakiagiza kiwasalimu watu wa Banana. Twafikiri kijiti kile hakikufika hata Kalemie, maana upepo ulikuwa wa kusini. Lakini mtoto aliyefanya hivyo hataisahau ramani ya nchi yake.

Mbele ya Baraka, upande wa mashariki, huoni maji matupu. Kwanza waiona milima ya Ubwari, ule ulimi mrefu wa nchi kavu unaochomoza ziwani na kuikumbatia ghuba. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita hapa kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama mto Rusizi watoka ziwani au waingia, kwa kuwa walikuwa wakitafuta chimbuko la mto Nili. Burton aliitazama Ubwari akaandika kwamba ni kisiwa. Tena Rusizi wenyewe hakuuona. Alipofika Uvira aliambiwa tu kwamba waingia ziwani, na ilimpasa kusubiri Stanley na Livingstone waende mpaka mlangoni pake mwaka 1871 ndipo jambo hilo likahakikishwa. Hata hivyo ramani zaiita ghuba yetu Ghuba ya Burton. Wenyeji, ambao tangu zamani walijua kwamba waweza kwenda Ubwari kwa miguu bila kulowa, hawakupewa ghuba yoyote.

Katika pande hizohizo za ghuba, mahali paitwapo Kibanga, Mapadre Weupe walijenga misioni mwaka 1883, wakaiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie.

Usiku tulilala katika nyumba ya shule, lakini kwanza tulirudi ufukweni. Mwezi haukuwepo. Msomaji wa Bukavu au wa Kindu ambaye hajaona jambo hili twamhurumia. Usiku usio na mwezi wavuvi wa ndagala huingia ziwani kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, wakawasha taa juu ya maji. Ndagala hufuata mwanga, wakakusanyika chini yake, na wavu huinuliwa kutoka chini. Usiku wa mwezi mpevu kazi hii haifai, kwa sababu mwanga wa mwezi huwatawanya samaki. Basi wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Usiku ule taa zilikuwa nyingi hata zikaonekana kama mji mkubwa uliojengwa juu ya ziwa, mji usio na barabara wala makelele, unaosogea polepole. Wanafunzi walianza kuzihesabu. Walipofika mia na kitu wakagombana, wakaacha.

Hapo ndipo tulipokutana na mama mmoja mzee, aliyekuja kungoja mtumbwi wa mwanawe. Tulimwamkia, tukamweleza kwamba tumewaleta watoto hawa waone uzuri wa kwao. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, ninyi mwaona taa. Mimi nikiyatazama maji haya naona usiku tuliovuka."

Akawasimulia watoto. Mwaka 1996, vita vilipofika, yeye na jamaa yake walipanda mtumbwi usiku, bila taa hata moja, wakavuka kwenda Kigoma. Watu walikuwa wengi kupita kadiri ya mtumbwi. Waliamriwa kuwaziba watoto vinywa wasilie. Walifika, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, nako alikaa miaka mingi akilima kipande cha ardhi kidogo kama ua wa nyumba. Aliporudi, katika siku zile wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka, tangu mwaka 2005, alisimama sitahani mchana, akaiona milima ya Ubwari ikikaribia. "Siku hiyo," akasema, "niliiona kwamba ni mizuri. Kabla ya hapo sikuwa na nafasi."

Neno hili, "sikuwa na nafasi," twaliweka mbele ya kila mtu anayeshangaa kwa nini watu wetu hawajui kuusifu uzuri wa nchi yao. Mtu aliyevuka ziwa akikimbia hawezi kulitazama kama yule aliyelivuka akitembea. Si kwamba watu wa Fizi hawana macho. Vita vya mwaka 1964, na vya 1996, na vya 1998, na fujo zote zilizofuata, viliwafundisha kuutazama mlima kwa kuuliza kama wafaa kujifichia, na ziwa kwa kuuliza kama leo lavukika. Kicheko cha darasani tulianza kukielewa usiku ule.

Siku ya pili tulipanda Fizi kwa gari la mizigo lililopeleka chumvi na sabuni. Njia ni ile Barabara ya Taifa namba 5, itokayo Bukavu na Uvira na kuendelea Kalemie hata Lubumbashi. Jina lake ni kubwa kuliko hali yake. Kutoka Baraka ni mwendo wa kilometa 35 hivi, nasi tulitumia saa nne, pamoja na saa moja ya kusukuma. Lakini kadiri gari lilivyopanda, joto la ziwani lilibaki nyuma, na upepo ukawa wa baridi hata wasichana wakajifunika vitenge. Nyuma yetu ziwa lilipanuka. Kwenye kona moja dereva, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisimamisha gari bila kuambiwa, akasema, "Hapa, Mwalimu." Ghuba yote ilikuwa chini yetu, na Ubwari, na nyuma ya Ubwari maji tena, na mbali kabisa, kama moshi, milima ya Burundi. Hakuna aliyecheka.

Hewa ya milima hii imesifiwa na watu wa kila namna. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuja kuwa rais wa nchi mwaka 1997, alikuwa na kambi yake ya uasi katika milima ya Fizi kwa miaka mingi, naye aliiita Hewa Bora. Kabla yake, mwezi wa Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akatua Kibamba, katika pwani hii hii ya Fizi, pamoja na askari Wakuba. Mwezi wa Novemba akaondoka, vita vyake vikiwa vimeshindwa. Wako watu wa mbali ambao wangependa kuiona Kibamba kwa ajili ya habari hiyo tu.

Sisi tulikwenda Fizi kwa ajili ya habari nyingine. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, watu wanne wa Kanisa waliuawa kwa siku moja. Kule Baraka mkuu wa waasi alimwamuru Bruda Vittorio Faccin apande gari lake. Bruda akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Alitoka kanisani, akaambiwa apande gari, akajibu kwamba apendelea kufa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti karibu ya maiti, akauawa. Jioni gari lile likapanda njia ile ile tuliyoipanda sisi. Huko Fizi Padri Giovanni Didonè alifungua mlango, akafanya ishara ya msalaba, akaanguka. Na baada yake Abé Albert Joubert. Watatu walikuwa Waitalia wa shirika la Wasaveri, vijana wa miaka thelathini na kidogo. Wa nne alikuwa mwana wa ziwa hili hili: baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyewatetea watu dhidi ya wafanya biashara ya utumwa, na mama yake alikuwa Mkongo, Agnes. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa kuwa Wenye Heri kule Uvira.

Tulipokuwa Fizi siku hiyo ya kutangazwa ilikuwa bado mwaka mzima mbele. Tuliwasimamisha watoto, tukawasomea majina manne, tukasali. Mmoja aliuliza kama aliyewaua alikuwa mtu wa hapa. Tukajibu kwamba waasi wengi walikuwa watu wa hapa, na kwamba Wakristo waliowalilia marehemu pia walikuwa watu wa hapa. Twaona ni vema mgeni anayekuja kusali mahali hapa aambiwe yote mawili.

Juu ya Fizi, upande wa magharibi na kaskazini, yaanza milima ya Itombwe, ambayo kilele chake kikuu, Mohi, chapita mita 3,400. Hatukuifikia, wala hatungewapeleka watoto huko. Katika nyanda zile za juu, ambako wengine hulima na wengine huchunga ng'ombe, majirani wamemwaga damu ya majirani, Wabembe na Wanyamulenge na wengine, na jambo hilo halijapona. Lakini misitu yake ni mali ya dunia. Wamo sokwe wakubwa waitwao gorila, wale wa mashariki wasiopatikana nje ya Kongo, na tangu mwaka 2006 sehemu kubwa imewekwa chini ya hifadhi. Upande wa kusini, katika msitu wa Misotshi na Kabobo, wataalamu walioingia mwaka 2007 walirudi na aina sita za wanyama ambazo hazikuwa zimejulikana kwa wataalamu: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili.

Habari iliyowapendeza zaidi wanafunzi ni ya bundi. Mwaka 1951 ndege mmoja wa jamii ya bundi alipatikana katika Itombwe, akapewa jina la Prigogine, mtaalamu aliyewachunguza ndege wa pande hizi. Baada ya hapo hakushikwa mwingine mpaka mwaka 1996. Sasa, kwetu bundi akilia juu ya paa, mwenye nyumba hutoka na jiwe, na asubuhi huulizana nani amerogwa. Tulipowaambia watoto kwamba wako watu wenye elimu kubwa ambao wangetoa mshahara wa mwaka mzima ili wamsikie bundi huyu akilia mara moja, walituangalia kwa mashaka. Mmoja akasema yuko tayari kuwaonyesha wa nyumbani kwao kwa bei nafuu.

Mambo ya mila tuliyagusa kidogo tu, kwa kuwa hapo sisi waalimu tuliolelewa seminarini hatusimami imara. Wabembe walikuwa na vinyago vyenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, kama kile kiitwacho alunga, na pia walikuwa na chama cha bwami, ambacho kilimfundisha mtu methali na adabu kwa daraja. Serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku, na mafundisho ya misioni hayakukisaidia. Leo mtu akitaka kuona vinyago vile, aende Tervuren kule Ubelgiji, au katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mzee mmoja wa Fizi alitueleza haya bila hasira, huku akila ugali wa muhogo pamoja nasi. Alisema tu kwamba mgeni akija kuuliza mila, ataonyeshwa picha zilizopigwa na wageni wenzake. Hatukuwa na la kumjibu.

Sasa kuna wasomaji watakaouliza: je, mwawaalika watalii waje? Hapana, leo hatuwaaliki. Hatupendi udanganyifu wa wale wanaoisifu nchi kwa picha na kunyamaza juu ya bunduki. Maji ya ziwa hayafai kunywewa bila kuchemshwa, kwa kuwa kipindupindu hakitoki katika vijiji vyetu vya pwani, kichocho kipo, mamba wapo penye midomo ya mito. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hata likazifunika nyumba za Uvira na za Bujumbura. Na mitumbwi huzama kila mwaka kwa sababu ile ile, yaani wenye mitumbwi kupakia watu kupita kiasi, na abiria kuona aibu kuvaa jaketi ya kuokolea. Anayetaka kuvuka ghuba na avuke alfajiri, kabla upepo haujaamka, tena asipande mtumbwi uliojaa hata kama nahodha ni shemeji yake.

Tunaowaalika ni walimu wenzetu na wazazi. Mahali panapoweza kufikiwa kwa amani, hata kama ni kilima kimoja nyuma ya kijiji, wapelekeni watoto. Wala msingoje mgeni aje na mashine ya kupigia picha ndipo watoto waambiwe kwamba kilima kile kina jina. Siku ambayo hao wageni watakuja, na twaamini watakuja, watahitaji mtu wa kuwaongoza, mtu wa kuwapikia mgebuka na sombe, na mtu wa kuwasimulia. Kama watoto wetu hawajui lolote, kazi hizo zitafanywa na watu kutoka mbali, nasi tutauza karanga njiani.

Tuliporudi darasani tulimwita yule kijana aliyeuliza swali, tukamwambia aandike ubaoni mambo ambayo mgeni angeyatazama Baraka na Fizi. Aliandika: taa za ndagala, kona ya dereva, majina manne, bundi. Kisha akafikiri, akaongeza la tano: mama mzee. Tukamwuliza kama mtu aweza kuhesabiwa pamoja na mambo ya kutazamwa. Akajibu, "Huyo si wa kutazamwa, Mwalimu. Ni wa kusikilizwa. Lakini wewe uliniambia niandike orodha moja tu."

Safari ya pili ilikuwa iwe Ubwari, kiangazi cha mwaka 2025. Wanafunzi walichanga nauli ya mtumbwi kidogo kidogo, kwa kuuza mayai na kuchota maji. Lakini mwezi wa Januari mwaka ule mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na mwezi wa Februari Bukavu. Watu wakakimbilia kusini, barabara ikajaa askari, na wazazi wakakataa watoto wasitoke. Hatukuwalaumu. Kijana yule sasa yuko shule ya sekondari, na sauti yake imekwisha kuwa nzito. Kila tunapokutana naye sokoni hutuamkia kwa heshima, kisha huuliza kama mkebe wa nauli upo. Twamjibu kwamba upo, katika kabati ya darasa la sita, na ufunguo tunao sisi.